Mkitoka kuona meli Tanga, hesabuni siku

Shule zikifungwa mwezi wa sita, Machame huwa na baridi ya kung'ata. Ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, manyunyu hayakati, na watoto wanashinda jikoni wakigombea nafasi karibu na moto. Ndipo baba mwenye gari, au mwenye ndugu mwenye gari, anapoanza kuwaza bahari. Desemba ni zamu ya wa Dar es Salaam kupanda mlimani. Juni ni zamu ya wa mlimani kushuka pwani.

Kwa wengi wao pwani ya karibu ni Tanga. Kutoka Moshi ni kama kilomita 350 za lami: Himo, Mwanga, Same, Hedaru, Mombo, Korogwe, Segera, kisha Muheza na machungwa yake, halafu bahari. Ila kulaza watu sita gesti siku mbili ni hela, kwa hiyo wapo wanaofanya kama wale watalii wanaokodi Land Cruiser lenye hema juu ya paa. Gari linakuwa ndiyo nyumba.

Familia moja ya Machame ilifanya hivyo likizo ya Juni. Walikuwa baba, mama, bibi mzaa baba na watoto watatu: msichana wa miaka 11, mvulana wa miaka saba, na wa mwisho wa miaka miwili na nusu. Gari lilikuwa Hiace ya baba mdogo wa watoto, ambayo siku nyingine hubeba abiria. Waling'oa kiti cha nyuma kabisa, wakatandika godoro, wakapakia ndizi, jiko la mkaa, ndoo, sufuria mbili na mablanketi manne. Chandarua hata kimoja.

Mtu wa pwani atashangaa. Wa Machame hatashangaa, kwa sababu nyumba nyingi za juu mtoto hukua bila kuzoea kulala ndani ya chandarua. Mbu wapo wachache, na malaria ni ugonjwa wa kusikia kwa watu wa chini. Mablanketi ndiyo kitu mama wa huko hawezi kukisahau hata akienda Tanga.

Safari ya kwenda ilikuwa na shida moja tu. Mvulana alilala kwenye godoro akicheza gemu kwenye simu ya mama, na kabla ya Mwanga alikuwa ameshatapika mara mbili. Hilo linaeleweka. Sikio la ndani linaambia ubongo kuwa mwili unasogea, macho yaliyokaza kwenye simu yanaambia umetulia, na ubongo ukikosa kujua umwamini nani, tumbo ndilo linalolipa. Baba akamtoa kwenye godoro, akamkalisha kiti cha mbele ya bibi, mkanda kiunoni, macho barabarani. Hakutapika tena mpaka Korogwe. Alipaswa kuwa pale tangu mwanzo, na si kwa ajili ya kichefuchefu. Gari likifunga breki ghafla, mtoto aliyelala kwenye godoro anaruka kama gunia. Godoro la gari ni la wakati gari limesimama.

Walifika saa tisa alasiri, wakaomba kuegesha uani kwa gesti moja na kulipia choo na bafu tu.

Siku ya bandari ilikuwa kesho yake. Walianzia Bustani ya Jamhuri, kwenye mnara wa saa wa zamani, mahali ambapo mtu anaiona bandari bila kuomba ruhusa ya mtu. Ndani ya geti ni habari nyingine. Bandari ni eneo la ulinzi, na wanaotaka kuingia, kama vile shule zinazopeleka wanafunzi, huomba kwanza kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari. Familia yenye Hiace inatazama kutoka nje, na kutoka nje kunatosha.

Meli ya mizigo ilikuwa imefunga gatini, kreni zinainama na kuinuka, malori yamepanga foleni. Baba alishangaa kuliko watoto. Alipokuja akiwa kijana, meli kubwa hazikusogea hapo. Kwa miaka mingi kina cha Tanga kilikuwa kidogo, zikawa zinatia nanga zaidi ya kilomita moja kutoka gatini, na shehena inaletwa kwa matishari, kidogo kidogo. Kina kimechimbwa hadi mita 13, gati zimejengwa upya, na sasa meli inakuja yenyewe mpaka ukutani. Mvulana wa miaka saba aliuliza kama mita 13 ni ndefu kuliko mnazi. Baba akamwambia ni karibu sawa na mnazi uliosimama chini ya maji, na swali likaisha hapo, ila mtoto akawa anautazama kila mnazi kwa macho mengine.

Bibi alikuwa na meli yake kichwani. "Kahawa ya babu yenu ilipita hapa," aliwaambia.

Alikuwa na haki. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, wakafika Mombo 1905 na Moshi 1911, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya mazao ya mlimani kwenda baharini. Wakulima wa Kilimanjaro walipounda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, kahawa iliyochumwa kwenye vihamba vya akina babu ilikuwa ikishuka kwa treni na kuvuka bahari.

"Kwa hiyo babu alifika hapa?" msichana akauliza.

"Hapana. Kahawa ilifika, yeye hakufika."

"Kwa nini, bibi?"

"Wazee wetu walikuwa wanaogopa kulala chini. Tambarare unalima mahindi, jioni unapanda kulala kwako. Walisema huko chini kuna homa."

Watoto walicheka, na hata baba alitabasamu. Lakini hayo ndiyo maneno yaliyobeba safari nzima, na laiti yangesikilizwa asubuhi ile ile.

Mchana walitaka kuvuka kwenda Kisiwa cha Toten, kile kinachoonekana ng'ambo ya bandari, chenye magofu na makaburi ya zamani. Mwenye boti wa kwanza alikuwa na majaketi manne ya kuokolea maisha, yote ya watu wazima, moja limekatika kamba. Bibi alikataa kabla hajaulizwa. Wakasubiri karibu saa nzima, watoto wakinung'unika, mpaka ikapatikana boti yenye jaketi la kila mtu pamoja na madogo. Jaketi la mtoto lina kipimo rahisi: likishafungwa, mzazi alivute juu mabegani. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa, na majini mtoto atachomoka. Wa miaka miwili na nusu alibaki nchi kavu na bibi.

Kusubiri saa moja kwa ajili ya jaketi kunaonekana ni uoga mpaka mtu akumbuke Septemba 20, 2018, siku kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Ziwa Victoria kikikaribia kabisa gati ya Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220, nchi kavu wakiiona.

Waliporudi, maji hayakuwa pale walipoyaacha. Watoto wa Machame wanaijua Kikafu na Weruweru, maji yanayokwenda upande mmoja tu na yanayotisha siku mvua imenyesha juu. Bahari inayojaa na kupwa mara mbili kwa siku ni somo jipya, na siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa Tanga huzidi mita tatu. Mchanga ambao saa nne asubuhi ulikuwa uwanja wa mpira, alasiri unaweza kumfika mtoto shingoni. Mzazi asiye mwenyeji anamuuliza mvuvi maji yanajaa saa ngapi. Mvuvi yeyote atamjibu bila kutazama saa.

Jua nalo lilifanya kazi yake. Wa mwisho alipofika saa tisa alikuwa mwekundu macho, hataki kucheza, hajakojoa tangu asubuhi. Mtoto aliyezoea baridi hawezi kusema kwamba ana kiu, anakuwa mkorofi tu. Mama alimpa maji kidogo kidogo kwa kijiko, akamweka kivulini, akamvua fulana ya sufi ambayo alikuwa amemvalisha kwa mazoea, na baada ya saa moja akakojoa na kudai chungwa.

Jioni ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote. Walikaa ufukweni mpaka saa tatu usiku, taa za meli zikiwaka juu ya maji, wakila pweza na mihogo, watoto mikono wazi na miguu wazi. Mama alikumbuka baadaye kwamba waliumwa na mbu. Hakuona ni jambo, ni vipele tu.

Kisha wakarudi kulala kwenye gari, na hapo kulikuwa na hatari mbili, moja ambayo waliikwepa na nyingine ambayo hawakuiona.

Waliyoikwepa ni hewa. Mvua ilianza, na mama alitaka kuliingiza jiko la mkaa mlangoni amalizie kuchemsha maziwa ya mtoto. Baba naye alitaka kuacha injini inaunguruma ili kiyoyozi kifanye kazi. Yote mawili hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, na akisinzia haamki. Mkaa uliokolea vizuri, usiotoa moshi, haujaacha kuitoa. Watu wa mlimani wanalijua hili kwa uchungu, maana kila msimu wa baridi zinasikika habari za waliofunga milango na jiko ndani. Bibi alisema neno moja tu, "Jiko nje," na baba akazima injini kwa aibu. Maziwa yalichemkia chini ya paa la gesti.

Ambayo hawakuiona ni kwamba, ili wasife kwa joto, walifungua madirisha yote.

Mbu anayeeneza malaria, Anofelesi jike, huuma zaidi kuanzia giza linapoingia mpaka alfajiri. Juni, mvua za masika zikiwa zimetoka kupita, pwani huwa na mbu wengi. Hiace yenye madirisha wazi na watu sita ndani ni karamu. Vyandarua viwili vyenye dawa, vimefungwa kwa kamba kwenye vishikio vya dari na kuchomekwa chini ya godoro, vingetosha, pamoja na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu kwa ule muda wa ufukweni. Mfamasia ndiye wa kumuuliza ni ipi inafaa umri wa mtoto, maana si kila dawa ya kupaka ni ya mtoto mchanga.

Walirudi Machame salama. Picha zikatumwa kwenye grupu la ukoo, mvulana akawasimulia wenzake kuhusu mnazi ulio chini ya maji, shule zikafunguliwa.

Siku ya 12 baada ya kurudi, yule mvulana alirudi nyumbani mapema, anatetemeka.

Hakuna aliyestuka. Ilikuwa Julai, Machame nzima inakohoa. Mama alimpa paracetamol na dawa ya mafua kutoka duka la dawa, akamfunika blanketi. Homa ikashuka usiku, asubuhi akaomba kwenda shule. Jioni ikapanda tena, kali kuliko jana, akalalamika kichwa na viungo, akatapika, akakataa hata mtori. Siku ya tatu mama akampeleka zahanati.

Nesi aliuliza maswali ya kawaida, kikohozi, kuharisha, masikio, halafu akauliza, "Mama, hivi karibuni mlisafiri?"

"Hapana, tupo tu," mama akajibu. Hakudanganya. Kwake kusafiri ni kwenda mbali, na Tanga ilikuwa imeshakuwa picha kwenye simu.

Ni bibi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na mjukuu mdogo mapajani, aliyesema, "Mkwe wangu, Tanga je?"

Nesi alichoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo cha haraka, wakasubiri dakika 15. Mistari ikatokea miwili. Malaria.

Swali la nesi lilikuwa na thamani kuliko dawa zote za mafua dukani. Vimelea vya malaria iliyozoeleka zaidi Tanzania havimlazi mtu usiku alioumwa. Hujificha kwanza kwenye ini, vinazaliana, kisha ndipo vinaingia kwenye damu, na homa huanza kati ya siku saba na 30 baada ya kuumwa, mara nyingi wiki ya pili. Homa ya kesho yake baada ya kufika pwani kwa kawaida ina sababu nyingine. Ya wiki mbili baadaye, wakati mchanga umeshaoshwa kwenye viatu, ndiyo ya kuogopa, kwa sababu hapo hakuna anayeihusisha na bahari.

Kwa mtoto wa mlimani hatari ni kubwa zaidi. Kimelea kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu, na chini ya nyuzi joto kama 18 hakikomai. Ndiyo maana watafiti waliopima watu wa vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro na Usambara walikuta kwamba kadiri mtu anavyopanda, malaria inapungua. Hofu ya wale wazee waliolima tambarare na kupanda kulala juu ilikuwa na msingi, hata kama hawakumjua mbu. Mtoto anayekulia Muheza, ambako malaria imekuwa kali kiasi kwamba Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake huko, akivuka miaka ya mwanzo mwili wake huwa umejifunza kiasi fulani kupambana. Wa Machame mwili wake haujawahi kukutana na kitu hicho. Akiwa na miaka saba, kwa malaria yeye ni kama mchanga. Baba yake mwenye miaka 40, kama amekulia huko juu, hana tofauti kubwa, na mama mjamzito wa mlimani anayeshuka pwani ana sababu zaidi ya kumwona mhudumu wa kliniki kabla ya safari.

Kwa hiyo mzazi anayerudi kutoka Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa anaweza kuandika tarehe ya kurudi ukutani, penye kalenda ya shule, na kwa mwezi mzima kila homa katika nyumba hiyo ikapimwe malaria siku hiyohiyo, iwe na kikohozi au isiwe nacho. Na akifika zahanati aseme mwenyewe kabla hajaulizwa: tulikuwa pwani, tulirudi tarehe fulani. Mhudumu wa eneo lenye malaria kidogo anaona mafua 100 kwa malaria moja, na hana namna ya kujua kuhusu Hiace. Kununua dawa ya malaria dukani bila kipimo nako si njia, maana homa hiyo inaweza kuwa nimonia, na dawa ya malaria haiponyi nimonia. Mtoto akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, akitapika kila anachokula, akishindwa kunywa au kunyonya, au akipumua kwa shida, hapo ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha.

Mvulana alipewa dawa mseto. Ni dozi sita kwa siku tatu: ya kwanza pale pale, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni, na humezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ili mwili uifyonze. Nesi alimwambia mama awalete na wengine wowote wakipata joto, na kweli wiki hiyo baba naye akapimwa, akakutwa hana.

Siku ya pili mtoto alikuwa anacheza mpira nyuma ya nyumba, na mama alitaka kuzihifadhi dozi mbili za mwisho kwa ajili ya mdogo wake, endapo naye ataumwa. Bibi akazichukua, akachemsha maziwa, akamwita mjukuu ndani.